Nilikuwa Nachunga Tu

Ukimwuliza mtu mzima aliyekulia kijijini alikuwa akifanya nini utotoni, mara nyingi atakujibu haraka haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yahame: "Nilikuwa nachunga tu." Mwanamke naye atasema alikuwa anateka maji na kusaga tu. Juma hili napenda tuzungumze juu ya hilo neno "tu", maana naona linatunyang'anya mali yetu.

Chukua Mugeta, wilayani Bunda, mkoani Mara, mahali ambapo pande za Waikizu, Wazanaki na Wanata zinakaribiana. Ni nchi ya mtama, muhogo, pamba na ng'ombe. Mtoto wa huko wa miaka minane au tisa akikabidhiwa mifugo asubuhi, amekabidhiwa akiba ya nyumba nzima: mahari ya kaka yake, maziwa ya mdogo wake, dawa ya bibi akiugua. Hapewi karatasi wala orodha. Anamjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia. Anajua yupi mkorofi anayeongoza wenzake kuingia shamba la watu, na yupi anabaki nyuma kwa sababu kwato inamwuma. Akitupa jicho mara moja anahisi kuna pengo, hata kabla hajajua ni nani hayupo.

Aidha, lazima asome jua. Akichelewa kuwapeleka majini watarudi wakihema. Akiwawahisha kupita kiasi watakunywa kabla ya kushiba, na malisho ya mchana yataharibika. Akisinzia chini ya mti, wakala mtama wa jirani, wazee wawili watakaa kikao kwa sababu yake. Huyo ndiye mtoto anayesema alikuwa anachunga "tu". Mimi nasema alikuwa na kazi yenye madaraka kuliko wengi wetu tunaokaa ofisini.

Na kule nyumbani dada yake alikuwa kwenye jiwe la kusagia. Muhogo mkavu na mtama husagwa pamoja ili ugali ushikamane, na kipimo cha kuchanganya kiko mkononi, hakiko kwenye kikombe. Watu wangapi walikula au walilala njaa kwa sababu ya mkono huo, hakuna aliyeandika.

Hata michezo haikuwa ya kupoteza wakati. Watoto walichimba mashimo ardhini wakacheza bao, ambalo kwetu Mara huitwa soro. Bao kamili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Mchezaji hatazami shimo alilopo. Anahesabu kete yake ya mwisho itaangukia wapi, na jirani atajibuje.

Hapo ndipo pana kisa kinachojulikana sana. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Alichunga mifugo ya baba yake, Mtemi Burito, kama watoto wengine. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alipokuwa akija kucheza soro Butiama, aliiona akili ya kijana huyo kwenye bao, akamshauri Burito ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya Mwalimu. Mimi humfikiria zaidi Makongoro. Wazee wangapi walikuwa wakicheza na watoto jioni zile bila kuona chochote? Yeye alitazama mchezo wa mtoto akauchukulia kuwa ni jambo.

Nisieleweke vibaya. Si kila mchungaji alipata Makongoro wake. Wavulana wengi walibaki nyuma ya ng'ombe mpaka ndevu zikaota, na wasichana wengi zaidi walibaki kwenye jiwe. Ndiyo maana Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa jambo kubwa, lilipoamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi katika shule ya msingi. Fimbo ikawekwa chini, kalamu ikashikwa, na haki ilitendeka.

Lakini Mwalimu huyo huyo alikwisha kuonya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule inaweza kumfundisha mtoto kuwa maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba wazazi wake hawajui kitu. Neno letu "tu" nadhani lilizaliwa hapo. Mtoto alijifunza kuhesabu ubaoni, akasahau kwamba alikwisha kuhesabu kwenye soro. Mwalimu mwenyewe hakulitumia neno hilo. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na bao aliendelea kulipenda.

Siku hizi mtoto wa kijijini anachunga Jumamosi au wakati wa likizo. Akirudi jioni, baba atamwuliza kama wote wamerudi, na mama atamwuliza kama amemaliza kazi ya shule. Ni nadra kusikia mtu akimwuliza ameona nini huko siku nzima, na kwa nini yule mtamba mwekundu alikataa kunywa maji.