Watu wa Reli za Mezani

Jioni moja kila juma, katika kumbi za makanisa, maghala yaliyoachwa na vyumba vya nyuma vya stesheni za zamani, Waingereza hukutana kujenga reli. Ni reli za mezani: mbao zilizounganishwa hadi zikajaza chumba, juu yake vilima vya plasta, mto uliomiminwa kwa gundi angavu, stesheni ambayo saa yake haifiki ukubwa wa ukucha, na treni inayokwenda kwa umeme wa volti 12. Wajenzi ni mafundi umeme, walimu wastaafu, madereva wa malori, madaktari, wanafunzi. Vyeo vyao huviacha mlangoni. Humo ndani anayeheshimiwa ni yule ambaye treni yake huhama njia moja kwenda nyingine bila kuacha reli.

Jamii hii haina haraka. Model Railway Club ya London, iliyoanzishwa mwaka 1910 na inayotajwa kuwa klabu kongwe kuliko zote za aina yake duniani, inayo reli iitwayo Copenhagen Fields. Inaonesha mitaa ya kaskazini mwa London, nyuma ya stesheni ya King's Cross, jinsi ilivyokuwa kati ya vita kuu mbili. Majengo ya mbele yamejengwa kwa kipimo kamili, na ya nyuma yamepunguzwa kidogo kidogo ili jicho lione mji ukienda mbali. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1980. Waliokata mbao za kwanza wakiwa na nywele nyeusi wamezeeka nayo, na miongo ikapita bado wanaongeza nyumba. Kumuuliza mtu wa reli za mezani atamaliza lini ni kuonesha kwamba hujaelewa anachofanya.

Kwa hiyo, Oktoba 2018, televisheni ya Channel 5 ilipoanza kuonesha mashindano ya The Great Model Railway Challenge, ilikuwa imeigusa desturi hii ya kutokuwa na haraka penye kiini chake. Timu tatu ziliwekwa chini ya paa moja, kila moja ikapewa mada na siku tatu tu za kujenga reli nzima kuanzia mbao tupu. Mshindi aliendelea kuelekea fainali. Waamuzi walikuwa Steve Flint, wakati huo mhariri wa jarida la Railway Modeller, ambalo limekuwa likichapishwa tangu mwaka 1949, na Kathy Millatt, fundi anayejulikana kwa kazi yake ya mandhari. Ziliachwa desturi nyingi za utulivu. Zile zilizobaki baada ya kuondoa utulivu ndizo zinazonivutia kuandika kuhusu jamii hii, kwa sababu ndizo mizizi yake.

Mahali pa mashindano palichaguliwa vizuri. Fawley Hill, katika jimbo la Buckinghamshire, palikuwa nyumbani kwa Sir William McAlpine, mtu wa ukoo maarufu wa makandarasi, aliyejitengenezea reli halisi katika shamba lake. Mlima wake mmoja unapanda futi moja kwa kila futi 13 za mwendo, mwinuko ambao reli nyingi za kawaida hazithubutu. Ni yeye aliyekwenda kukiokoa kichwa cha treni mashuhuri, Flying Scotsman, kilipokwama Marekani mwaka 1973 baada ya mwenye nacho kufilisika. Alifariki Machi 2018, miezi michache kabla ya mashindano kuanza kuoneshwa. Kwa watu hawa, kujenga reli pale ni sawa na kualikwa nyumbani kwa mzee wa ukoo.

Siku tatu ni nini kwa kazi hii? Kwanza mbao lazima ziwe sawa kabisa, maana kiungo kikiachana kwa unene wa karatasi mbili behewa litaanguka. Kisha reli hupangwa, waya hulehemiwa chini ya meza, treni hujaribiwa. Yote haya yafanyike kabla mtu hajamwaga hata kijiko cha plasta, kwani waya uliokatika chini ya mlima uliokwisha kukauka ni msiba. Baadaye huja kokoto. Ni chembe laini kama chenga za mchele, hupangwa kwa brashi katikati ya mataruma, hunyunyiziwa maji yenye tone la sabuni, ndipo gundi nyeupe iliyozimuliwa idondoshwe taratibu. Bila sabuni gundi hukusanyika vitone na kuzisukuma kokoto nje ya mstari. Nyasi ni nyuzi fupi za nailoni zinazosimamishwa kwa umemetuli ili kila unyasi utazame juu. Nyumbani, fundi huacha gundi ikauke usiku kucha na kurudi kesho yake. Penye siku tatu, usiku wenyewe ni zana: timu yenye akili hupanga vitu vinavyohitaji kukauka viangukie jioni, mwisho wa kazi ya siku, si saa nne asubuhi.

Kama ugumu huo hautoshi, waamuzi walitoa pia jaribio la ghafla: chukua vitu vya kawaida vya nyumbani, uvigeuze kuwa jengo au kifaa kinachoingia katika mandhari yako. Watazamaji wengi walidhani huo ni mchezo wa televisheni. Sivyo. Kugeuza takataka ni mila ya zamani ya ufundi huu. Vizazi vya mafundi vimejenga maghala kwa makasha ya nafaka za kifungua kinywa, mabomba ya moshi kwa mirija ya kunywea soda, na miti kwa nyaya zilizosokotwa. Zilipokuwa hazipatikani bidhaa za dukani, hasa miaka ya vita na iliyofuata, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee, na mpaka leo anayejenga kwa mikono yake kutoka mwanzo huangaliwa kwa jicho la heshima zaidi kuliko anayefungua boksi.

Jambo ambalo mashindano yaliliweka wazi ni mgawanyo wa kazi. Watu wa nje humfikiria mpenzi wa reli ndogo kuwa mtu mpweke aliyejifungia darini. Wapo wa namna hiyo, lakini reli kubwa haijengwi na mtu mmoja. Anahitajika seremala, mtu wa umeme, mtu wa majengo, mtu wa miti na maji, na mmoja mwenye sauti ya kuwaambia wenzake waache kupaka rangi mlango wa choo cha stesheni kwa sababu treni bado haitembei. Hata padre Peter Denny, aliyeijenga peke yake reli yake mashuhuri ya Buckingham na kuiendesha kwa ratiba na kengele kama reli ya kweli, alihitaji mwenzake upande wa pili wa njia. Alipokosa mtu, alitengeneza mashine ya kufanya kazi ya mwongoza ishara wa kule, akaipa jina la mwanawe: Automatic Crispin.

Wana pia ugomvi wao wa ndani, kuhusu upana wa reli, na msomaji wa Afrika Mashariki ataufahamu upesi, maana kwetu nako tumezungumza sana juu ya MGR ya mita moja na SGR ya milimita 1,435. Katika bara la Ulaya, kipimo kilichozoeleka ni 1:87, na reli zake za milimita 16.5 zinalingana vizuri na reli halisi. Vichwa vya treni vya Uingereza ni vidogo kuliko vya bara, na mota za zama za mwanzo hazikuingia ndani yake. Waingereza wakakuza miili ya treni hadi kipimo cha 1:76, lakini reli wakaziacha vilevile. Matokeo ni kwamba geji ya OO, ambayo kampuni ya Hornby iliieneza kwa treni zake za Dublo kuanzia mwaka 1938, ina reli nyembamba mno. Ukiikuza, upana wake ni kama milimita 1,257, pungufu ya karibu sentimita 18. Wengi hawajali. Wengine hawalali. Wapo waliohamia milimita 18.2, na wapo waliokwenda hadi 18.83, kipimo halisi, wakakubali kupanga reli zao kwa mkono na kubadili magurudumu ya kila behewa.

Katika ugomvi huu imezaliwa sheria isiyoandikwa ambayo kila klabu inaijua, wanayoiita Kanuni ya Kwanza: reli ni yangu, nitaendesha nipendacho. Ukitaka treni ya mwaka 1935 ipite sambamba na ya mwaka 1985, hakuna wa kukuzuia. Naiona kanuni hii kuwa ya busara kubwa. Bila hiyo, jamii yenye watu wanaohesabu ribiti za tangi la maji ingevunjika zamani.

Na wanachokijenga je? Mara nyingi ni kile kilichoondoka. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 nchini Uingereza, na Agosti 1968 treni za mvuke zikaondolewa katika njia kuu za shirika la reli la taifa. Vijiji vingi vilibaki na tuta lenye magugu. Tangu hapo, stesheni ndogo ya mwisho wa njia, yenye jukwaa moja, banda la mizigo na kichwa kimoja cha treni kinachotoa moshi, ni miongoni mwa zinazojengwa sana. Makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, yalianzishwa mwaka 1954 na Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925 na kusikitika kuona nyumba za mashambani zilizoezekwa kwa nyasi zikitoweka. Akaanza kuzipima na kuzijenga upya kwa udogo, bustani kwa bustani. Hii ni kazi ya kumbukumbu, na aliyewahi kurudi kijijini kwao akakuta mti wa mkutano umekatwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kumbukumbu hiyo haifungiwi kabatini. Desturi kuu ya jamii hii ni maonesho. Klabu hukodi ukumbi wa shule mwisho wa juma, hualika reli kutoka miji mingine, huwalipia waalikwa nauli na malazi bila kuwapa ujira, na akina mama na akina baba wa klabu huchemsha chai na kupanga mikate tangu alfajiri. Watoto hupewa nafasi ya mbele. Nyuma ya mandhari, pasipoonekana, kuna uwanja wa kupangia treni ambako waendeshaji hukaa saa nyingi wakibadilishana zamu. Treni ikiacha reli na mkono wa mtu mzima ukashuka kutoka angani kuirudisha, wote huona aibu kidogo. Pembeni pana meza ya vitu vilivyotumika, na hapo klabu mara nyingi huuza kwa niaba ya wajane mali za marehemu kwa bei ya haki ili wasipunjwe na wachuuzi.

Mei 2019, usiku wa kuamkia maonesho ya klabu ya Market Deeping huko Stamford, vijana waliingia ukumbini wakavunja reli zilizokuwa zimepangwa tayari. Miaka mingi ya kazi ilikanyagwa kwa usiku mmoja. Klabu iliomba mchango wa pauni 500. Zilifika zaidi ya 100,000, zikiwemo 10,000 za mwimbaji Rod Stewart, ambaye naye amejenga kwa miaka mingi reli kubwa ya mji wa Marekani. Nchi nzima ilitambua ghafla kwamba vile vilivyovunjwa havikuwa vitu vya kuchezea.

Baadhi ya wazee walilalamika kwamba mashindano ya televisheni yaliudhalilisha ufundi: moshi mwingi, taa nyingi, vitu vinavyosogea bila sababu, na historia ikasahauliwa. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Pale Fawley Hill niliyaona mambo yaleyale ya ukumbi wa kanisa: treni ilihesabiwa kwanza kwa kutembea, kila mkono ulikuwa na kazi yake, na mada iliyoletwa na wengine ilibidi igeuzwe kuwa mahali panapoaminika. Tena palikuwa na mwamuzi mwanamke, jambo ambalo miaka hamsini nyuma lisingefikirika katika klabu nyingi.

Sura mpya kama hizo zilihitajika. Maonesho ya Warley, yaliyokuwa yakifanyika kwa kawaida mwezi wa Novemba jijini Birmingham na kukusanya makumi ya reli kutoka ndani na nje ya nchi, yalifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa kuwa waliokuwa wakiubeba mzigo huo kwa kujitolea walikuwa wamepungua na kuzeeka. Kupata wageni wa kutazama si tatizo la jamii hii. Inachokosa ni mabega ya kubeba meza. Kama msichana wa miaka kumi na minne amemwona mwanamke akihukumu kazi za mafundi kwenye televisheni, akabisha hodi katika klabu ya mjini kwao, atapewa kikombe cha chai, atasimuliwa kwa kirefu kuhusu milimita 18.83, na juma la pili au la tatu mtu atamkabidhi pasi ya kulehemu na kumwonesha waya wa kuanza nao.