Mtoto Anayeharisha Hufa kwa Kukosa Maji

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto wapatao 443,000 walio chini ya miaka mitano hufa kwa magonjwa ya kuharisha. Ni zaidi ya watoto 1,200 kwa siku moja, na wengi wao wako katika nchi maskini. Sisi mafrateri tunaokwenda vigangoni wakati wa likizo tunaijua hesabu hiyo kwa sura nyingine: kaburi dogo, ibada fupi, na mama anayeambiwa ni mapenzi ya Mungu kabla mtu yeyote hajauliza mtoto alikuwa akinywa nini siku zile mbili za mwisho. Tunaomba tuulize swali hilo hapa, bila nia ya kumlaumu mama yeyote.

Mtoto anayeharisha huuawa mara nyingi na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Tukitumia lugha ya darasani, virusi vya rota au bakteria wa kipindupindu ni chanzo cha mbali, na upungufu wa maji ni chanzo cha karibu. Tofauti hii haifai kuishia kwenye karatasi ya mtihani. Chanzo cha mbali huhitaji maabara ili kijulikane. Cha karibu hushughulikiwa kwa kikombe na kijiko, nyumbani, usiku ule ule.

Lakini maji matupu hayatoshi. Utumbo unaougua huyapitisha tu. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza jinsi sukari na chumvi zinavyoingia katika ukuta wa utumbo kwa pamoja, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja wameshikana mikono. Zikiingia, maji huzifuata. Na mlango huo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Huo ndio msingi wa ORS, ile pakiti ndogo tunayoiona zahanati na kwenye maduka ya dawa.

Ilithibitika mahali pagumu sana. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi walijaa Bongaon, upande wa India, na kipindupindu kikawaingia. Dripu zilipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo miongoni mwa wagonjwa vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Madaktari wengi hawakuamini. Dawa iliyochanganywa kwenye pipa na kunyweshwa na shangazi wa mgonjwa ilionekana duni mno.

Somo lililofuata linatugusa zaidi sisi tunaofundishwa kufundisha. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba vijijini Bangladesh, wakafikia kaya zaidi ya milioni 12. Hawakugawa vipeperushi, kwa kuwa akina mama wengi hawakujua kusoma. Walifundisha kwa vidole: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, kiganja kimoja cha sukari guru, maji kiasi cha nusu lita. Kila mama alichanganya mwenyewe mbele ya mwalimu. Baadaye mkaguzi alirudi kuwauliza baadhi yao, na malipo ya mwalimu yalitegemea walichokumbuka. (Tujiulize mahubiri yetu yangelipwa kiasi gani kwa kipimo hicho.) Hata hivyo, mwanzoni kujua hakukuwa kutumia. Ikabidi waongee na wanaume pia, sokoni na misikitini, maana mama peke yake hakuwa mwenye uamuzi wote nyumbani.

Kwetu nako, pakiti ipo lakini haitumiki inavyostahili. Sababu moja ni ya haki kabisa: ORS haikaushi choo. Mama anampa mtoto, anaona bado anaharisha, anahitimisha kwamba dawa haifanyi kazi, anakwenda kununua vidonge. Hakuna aliyemweleza kwamba kazi ya ORS ni kurudisha kinachotoka. Wengine hupunguza vinywaji na chakula wakidhani vinaongeza kuharisha, kumbe wanamnyima mtoto kile kile anachokipoteza. Wengine husema ni meno yanaota. Na utosi ukibonyea, hutafutiwa tiba yake kama ugonjwa wa peke yake, ilhali ni mwili unaotangaza kwamba maji yameisha.

Namna ya kufanya ni hii. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji, kisha tumia maji safi na salama. Pakiti isipokuwepo: lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi, ni hatari. Onja, yasizidi ladha ya machozi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mpe mtoto kidogo kidogo kila baada ya kuharisha. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena polepole. Anyonye na ale kama kawaida. Mwombe mhudumu wa afya vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14, ambavyo hufupisha ugonjwa.

Kinga tunaisikia kila mara: vyoo, kunawa kwa sabuni, maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Tuongeze chanjo ya virusi vya rota, ambayo Tanzania iliianza katika chanjo za kawaida mwaka 2013. Kadi ya kliniki itaonyesha kama mtoto ameipata.

Katika jumuiya ndogo ndogo tunaweza kulichanganya lita moja mbele ya wote, akina baba wakiwemo, kila mmoja akaonja. Na wote wazijue dalili zisizongoja kikombe: mtoto hawezi kunywa, amelegea au haamki vizuri, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, au choo kina damu. Huyo apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, akiendelea kunyweshwa njiani kama anaweza kumeza.