NANI ASHIKE USUKANI?

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilikaa majuma matatu bila mwenyekiti. Wengine walitaka mwalimu mlezi atuteulie, wengine wakashikilia kura. Jioni moja nikamkuta kaka yangu akitazama mbio za langalanga, nikamuuliza: "Hivi hawa nao humpataje mkubwa wao?" Jibu lake lilinifanya nichunguze zaidi, na niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza ieleweke kwamba langalanga ina wakubwa wawili. Wa kwanza ni rais wa FIA, shirikisho la magari la dunia lililoundwa mwaka wa 1904. Shirikisho hili hutunga sheria na kuwaadhibu wanaozivunja. Rais wake huchaguliwa kwa kura za vyama wanachama kutoka nchi mbalimbali. Mnamo Desemba 2021, kura zilimwendea Mohammed Ben Sulayem wa Muungano wa Falme za Kiarabu, akamrithi Jean Todt wa Ufaransa. Ben Sulayem si mgeni wa vumbi: alikuwa dereva wa mbio za rali, bingwa wa Mashariki ya Kati mara 14.

Mkubwa wa pili ni mkurugenzi wa kampuni inayoendesha biashara ya mbio zenyewe. Kazi yake ni kuuza haki za televisheni, kutafuta wadhamini na kupatana na nchi zinazotaka mashindano. Huyu hapigiwi kura hata moja. Mwenye kampuni ndiye humteua, basi!

Kwa miaka mingi usukani huo ulikuwa mikononi mwa Mwingereza Bernie Ecclestone. Aliwahi kumiliki timu ya Brabham, akaona kwamba timu zikijadiliana na waandaaji moja moja hupunjwa, akaziunganisha. Umoja ni nguvu, au sio? Lakini Januari 2017, kampuni ya Liberty Media ya Marekani ilipokamilisha kuinunua langalanga, mzee huyo wa miaka 86 aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Chase Carey. Carey alikuwa mtu wa televisheni, si wa magari. Hata hivyo, wakati wake ndipo kikomo cha matumizi kilipokubaliwa: dola milioni 145 kwa kila timu mwaka wa 2021, ili matajiri wasiwameze wanyonge.

Januari 2021 akaingia Mwitaliano Stefano Domenicali. Huyu aliiongoza timu ya Ferrari kutoka 2008 hadi alipojiuzulu mwaka wa 2014, kisha akaongoza kampuni ya Lamborghini. Mtu angeuliza: je, hatawapendelea wenzake wa zamani? Ni swali la haki. Refa akiwa amewahi kuchezea timu moja, mashabiki wa timu nyingine humtazama kwa jicho la pembeni. Lakini alikuwa ameondoka Ferrari zaidi ya miaka sita, na anajua shida za timu kutoka ndani.

Jamani, jambo hili si la Wazungu peke yao. Mara ya mwisho langalanga kufanyika Afrika ilikuwa mwaka wa 1993, kule Kyalami, Afrika Kusini. Anayeketi kwenye kiti hicho ana sauti kubwa kuhusu mbio ziende wapi, na sisi watazamaji hatuulizwi.

Kwa maoni yangu, uteuzi una faida ya kumpata mtu mwenye ujuzi upesi, lakini kura humfanya kiongozi akumbuke waliomweka. Sisi chamani tulichanganya yote mawili: mlezi alipendekeza wanachama watatu wasiokosa mikutano, nasi tukapiga kura. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu. Nilipata kura tisa, nikashindwa. Nilinuna siku mbili hivi, sitaficha. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, na aliyeshinda ndiye aliyeniomba niandike makala haya.

Kalamu naiweka chini.