Moto, motó, mɔ́tɔ: kwa nini jina la faili si neno

Nkambo wangu alinisimulia hadithi kumi na mbili kwa Kisanga, jioni baada ya jioni, nyumbani kwetu Golf. Nilizirekodi, kisha tukakaa pamoja kuziandika: mimi nikisikiliza sauti, yeye akinisahihisha neno kwa neno. Kila andiko nililiweka katika faili yake, kuanzia hadithi.no.1 hadi hadithi.no.12. Baadaye kompyuta ya mwenzangu ilishindwa kuzitambua faili hizo kwa sababu majina yake hayakuishia na .txt. Nikaandika programu ya mistari michache ili iyabadilishe majina yote kwa mara moja. Programu ilikwenda hadi mwisho bila kulalamika. Nilipofungua folda, nilikuta faili moja tu: hadithi.no.txt.

Sauti zilibaki kwenye flashi, lakini maandiko kumi na moja yalikuwa yamepotea pamoja na masahihisho yake. Nkambo alikuwa ameshafariki. Maneno ambayo sikuyasikia vizuri kwenye sauti, leo sina wa kumwuliza.

Ninaeleza hapa kilichotokea, kwa sababu wengi wetu katika fakulti tunakusanya sauti na maandiko ya lugha zetu, na wachache kati yetu tumefundishwa jinsi kompyuta inavyolitazama jina la faili.

Nukta ya mwisho

Programu yangu niliiandika kwa Haskell. Hii ni lugha ya programu ya kifanksheni, iliyopewa jina la mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry. Ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1990. Katika lugha za aina hii, programu hujengwa kwa fanksheni: unaingiza kitu, unapata kitu, na ukiingiza kilekile utapata jibu lilelile. Mwanaisimu huizoea upesi, maana inafanana na kanuni za mofolojia: shina linaingia, umbo linatoka.

Fanksheni niliyoitumia inaitwa replaceExtension, yaani "badilisha kiendelezi". Kiendelezi ni sehemu ya jina inayoanzia kwenye nukta ya mwisho, kama .wav au .txt. Tazama jibu lake:

replaceExtension "hadithi.no.1" "txt"
"hadithi.no.txt"

Mimi niliona namba ya hadithi. Fanksheni iliona nukta ya mwisho, ikahesabu .1 kuwa kiendelezi, ikaiondoa. Hadithi ya pili ikapewa jina lilelile, na ya tatu vilevile. Amri ya kubadilisha jina la faili, ikikuta jina jipya limeshatumika, huifuta faili ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Kwa hiyo kila hadithi iliifuta iliyotangulia. Hakuna fanksheni iliyokosea. Nilichohitaji ni kuongeza, si kubadilisha:

"hadithi.no.1" <.> "txt"
"hadithi.no.1.txt"

Anwani

Njia ya faili ni kama anwani ya mjini kwetu. Ukisema "nyumba ya tatu kushoto", unamtegemea mtu aliyesimama mahali fulani. Ukianza na Lubumbashi, kisha komini, kartie Golf, avenyu na namba, mtu atafika kutoka popote. Kompyuta nayo ina njia za aina hizo mbili. Katika Linux, njia kamili huanza na mkwaju, alama hii: /. Njia isiyoanza nao inategemea folda uliyomo.

Haskell ina alama ya kuunganisha njia mbili, na ina mtego wake:

"/kaseti/golf" </> "nkambo/01.wav"
"/kaseti/golf/nkambo/01.wav"

"/kaseti/golf" </> "/nkambo/01.wav"
"/nkambo/01.wav"

Katika mfano wa pili, sehemu ya kwanza imetupwa yote. Hiyo ni mantiki ya anwani: mtu akikuelekeza avenyu, kisha akaanza upya na jina la mji, unaacha maelezo ya kwanza na kufuata ya pili. Mkwaju mmoja uliozidi mwanzoni unatosha kuipeleka faili kwingine kabisa.

Sisi wanaisimu tuna hatari zaidi, kwa sababu alama tunazozipenda ndizo kompyuta imezitwaa. Fonimu tunaiandika kati ya mikwaju miwili, na ukiita faili "/p/ na /b/.wav", kompyuta itatafuta folda ambazo hazipo. Nyota tunaiweka mbele ya umbo lisilokubalika au lililoundwa upya, alama ya kuuliza mbele ya sentensi yenye shaka, na mabano ya pembe kuzunguka herufi za maandishi. Windows inazikataa zote hizo katika jina la faili. Linux inazikubali, isipokuwa mkwaju. Hivyo faili inaweza kuishi vizuri kwenye mashine moja na kukataliwa kwenye nyingine.

Ngeli moja, majina mawili

Kila kitu katika Haskell kina aina yake, na aina zinafanya kazi kama ngeli. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri tuliyoandika, hukataa aina zisizopatana kama mwalimu wa Kiswahili sanifu anavyokataa *kitabu wangu. Kosa linakamatwa kabla programu haijagusa faili yoyote.

Ila kwa njia za faili ukaguzi huo umelegezwa tangu zamani. Ripoti ya Haskell inaeleza aina ya njia hivi:

type FilePath = String

Maana yake: FilePath ni jina jingine tu la String, mfuatano wa herufi. Ni ngeli moja yenye majina mawili. Salamu, sentensi ya Kibemba na njia ya faili, vyote vina upatanisho mmoja, na kompaila haiwezi kukuambia kwamba umeweka kimoja mahali pa kingine. Ni kama Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo "kitabu yangu" inapita bila shida. Sokoni hakuna hasara, kwa kuwa msikilizaji anaelewa muktadha. Kompaila haina muktadha; ina ngeli peke yake.

Na jina la faili si mfuatano wa herufi. Katika Linux ni mfuatano wa baiti, wowote ule, mradi hauna mkwaju wala baiti ya sifuri. Katika Windows ni mfuatano wa vipande vya biti 16. Herufi ni tafsiri tu ya hivyo, na tafsiri inategemea mipangilio ya mashine. Ndiyo sababu programu inayosoma ɔ vizuri kwangu inaweza kusimama kwenye seva ambayo haikuwekewa UTF-8.

Kwa hiyo maktaba ya filepath, kuanzia toleo 1.4.100, ina aina mpya iitwayo OsPath. Hii ni ngeli ya peke yake. Inahifadhi baiti au vipande kama mfumo ulivyovitoa, na huwezi kuichanganya na maandishi ya kawaida. Ukitaka kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye njia unatumia encodeUtf, na kurudi unatumia decodeUtf. Zote mbili zinaweza kushindwa, na aina yake inakulazimisha kusema utafanya nini zikishindwa.

Toni

Kuna tatizo ambalo hata OsPath haiondoi, nalo linatuhusu kuliko wengine. Katika Lingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto wetu wa Kiswahili unaowaka. Ukiondoa alama za toni na za irabu, mtu, kichwa na moto vinakuwa faili moja. Ukiziacha, unakutana na Unicode.

Unicode inaruhusu ó kuandikwa kwa namna mbili: herufi moja yenye alama ndani yake, au o ya kawaida ikifuatwa na alama ya toni peke yake. Kwa macho hazitofautiani. Kwa kompyuta, motó ya kwanza ina herufi 4 na baiti 5 katika UTF-8, ya pili ina herufi 5 na baiti 6. Ukiiuliza Haskell kama ni sawa, itajibu si sawa. Linux itaziweka zote mbili katika folda moja, nawe utaona faili mbili zenye jina moja. Kwa ɔ́ hakuna herufi moja iliyo tayari: lazima ɔ na alama yake, ndiyo maana mɔ́tɔ ina herufi 5 daima.

Kompyuta za Mac zilizotumia mfumo wa HFS+ zilikuwa zikizitenganisha alama hizo zenyewe wakati wa kuhifadhi jina. Faili ikihamishiwa Linux, jina unaloliandika kwa kibodi ya Kifaransa, ambayo huleta à kama herufi moja, halilingani tena na jina lililomo ndani. Unaiona faili ya Cilubà mbele yako, programu inasema haipo.

Na msidanganywe na jina: fanksheni ya filepath iitwayo normalise haigusi toni hata kidogo. Inanyoosha mikwaju iliyozidi na nukta zisizo na kazi. Kulinganisha herufi ni kazi ya maktaba za Unicode, na inafanywa kabla maandishi hayajageuzwa kuwa njia.

Ninavyofanya sasa

Majina ya faili zangu hayasemi tena kitu chochote kizuri. Yanaanza na msimbo wa lugha wa ISO 639-3 (sng kwa Kisanga, bem kwa Kibemba, lua kwa Cilubà, swc kwa Kiswahili cha Kongo), kisha tarehe, kisha namba ya tarakimu tatu: sng-2024-03-16-001.wav. Herufi ndogo tu, bila nafasi, bila toni, na nukta moja. Kichwa cha hadithi, jina la msimulizi na toni zote viko katika jedwali ndani ya faili nyingine, mahali ambapo neno linabaki neno.

Programu yoyote ya kubadilisha majina ninaiandika katika sehemu mbili. Fanksheni ya kwanza inapokea orodha ya majina ya zamani na kutoa orodha ya mapya, bila kugusa diski. Ninaisoma kwa macho, na programu inahesabu kama kuna jina lililojirudia. Ya pili, inayogusa faili, haianzi kabla hesabu haijalingana. Kwa hadithi za nkambo, orodha ya kwanza ingenionyesha hadithi.no.txt mara kumi na mbili.