Pikapu Inachemsha Lini?

Ukipeleka pikapu ya zamani gereji ukasema inachemsha, mara nyingi kitu cha kwanza kung'olewa ni thamostati. Sababu huwa ileile: nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, kikitoka maji yatazunguka bila kizuizi. Pikapu inaondoka, mshale wa geji unakaa chini siku kadhaa, mwenye gari anashukuru. Kisha anapakia magunia, anatoka Ruaha Mbuyuni kupanda Kitonga nyuma ya foleni ya malori, na kabla hajafika Ilula mvuke unafuka chini ya boneti.

Desturi hii inaniudhi, kwa sababu inaharibu injini ambazo bado zina miaka mingi ya kazi. Thamostati ya injini nyingi za dizeli za Toyota, ikiwemo 1HZ ya lita 4.2 inayosukuma Land Cruiser nyingi za mizigo, ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, vali kuu hufunga njia ya rejeta, na maji huzunguka ndani ya injini yenyewe kupitia njia ya mkato. Joto likifika, kwa kawaida nyuzi 82 hivi, vali kuu huanza kufunguka, na kisahani kilicho chini yake husogea kuziba ile njia ya mkato ili maji yapitie kwenye rejeta. Ukiing'oa thamostati, njia ya mkato hubaki wazi wakati wote, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupoozwa. Kwenye tambarare bila mzigo hutaona tofauti. Mlimani utaiona. Na siku zisizo na mlima, dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hunywa mafuta zaidi na silinda zake huchakaa mapema.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, muulize mwenye gari, au ujiulize mwenyewe: inachemsha lini? Jibu la swali hilo huokoa fedha kuliko kipuri chochote.

Pikapu inayotulia kwenye lami lakini ikachemsha kwenye foleni, kwenye mchanga au ikipanda kwa gia ya kwanza inakosa hewa. Ikikimbia, upepo wa mbele huifanyia feni kazi yake. Ikitambaa, feni peke yake ndiyo inayovuta hewa. Feni ya magari haya haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo huishika feni pale hewa inayotoka kwenye rejeta inapokuwa ya moto. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kivivu hata injini ikiwa inaungua. Zima injini ikiwa ya moto sana, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa bila kukataa, klachi imekufa. Tafuta pia alama ya mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye uso wake.

Halafu angalia kava la feni, lile duara la plastiki au bati linaloizunguka. Kwenye pikapu zilizopita mikono mingi mara nyingi halipo; lilitolewa siku ya kubadili mkanda na halikurudi. Bila kava, feni huvuta hewa kutoka pembeni badala ya kuipitisha kwenye mapezi ya rejeta. Mimi nalihesabu kuwa kipuri kamili, sawa na feni yenyewe.

Gari la porini lina adui mwingine: mbegu za nyasi na tope. Hujikusanya mahali ambapo jicho halifiki, kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, hata mbele pakionekana pasafi. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukianzia upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke kulekule ulikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari hulaza mapezi na kuziba kile ulichotaka kuzibua. Ondoa pia taa kubwa na madumu yaliyofungwa mbele ya grili. Na ukiwa kwenye mchanga au mlima mkali, weka 4L. Injini ikizunguka haraka kidogo, pampu na feni nazo huzunguka haraka. Ukiing'ang'aniza kwa gia kubwa huku ikigugumia, unazalisha joto jingi na kulipooza kidogo.

Pikapu inayochemsha ikikimbia kilomita 90 kwa saa na kupoa ukipunguza mwendo ni kinyume chake: hewa ipo, maji hayapiti vya kutosha. Hapa chunguza mkanda unaoteleza, mapanga ya pampu yaliyoliwa na kutu, na mpira wa chini wa rejeta. Mpira huo uko upande wa kuvuta, na ukizeeka hujibana wenyewe injini inapopandishwa mizunguko. Ndiyo maana wengine hukutwa na springi ndani. Lakini mtuhumiwa mkuu ni mirija ya rejeta iliyoziba. Maji ya visima vya Dodoma na Singida yana chumvichumvi nyingi za madini, na ya visima vingi vya Pwani yana chumvi yenyewe. Kila anayejaza rejeta kwa maji hayo anajenga ukoko ndani yake. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa na fundi wa kuchomelea, mirija ikazibuliwa mmoja mmoja. Ile ya alumini yenye matanki ya plastiki kwa kawaida hubadilishwa tu. Wapo wanaotia yai bichi au pilipili manga kuziba tundu la uvujaji. Kinachoziba tundu hilo huziba na mirija.

Tumia kulanti. Wengi wanaiona kuwa dawa ya barafu, kitu kisichotuhusu, kumbe sehemu yake inayotufaa ni viambato vya kuzuia kutu. Ile nyekundu ya muda mrefu ya Toyota ilipangiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 au kilomita 40,000.

Sasa kofia ya rejeta, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na kinachodharauliwa kuliko vyote. Kofia nyingi za magari haya hushikilia shinikizo la takriban 0.9 bar juu ya lile la nje. Usawa wa bahari, shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu 118. Ukipanda mpaka mwinuko wa mita 2,000, kama ule wa maeneo ya Njombe, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Linganisha na thamostati ya nyuzi 82: huanza kufunguka hapo, lakini hufunguka kabisa kwenye nyuzi 95. Maana yake, kofia ikiwa imekufa, huko juu maji yataanza kuchemka kabla thamostati haijamaliza kufunguka, ingawa injini haina ugonjwa wowote. Ndiyo sababu pikapu ileile hutulia Dar es Salaam na kuchemsha Njombe. Kagua raba ya kofia na springi yake, na ile vali ndogo ya katikati inayorudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba. Ukiona mpira wa juu umenywea injini ikipoa, vali hiyo haifunguki.

Hesabu hiyo pia inawahusu wanaopima thamostati kwenye sufuria jikoni. Huko Njombe maji ya sufuria hayatafika nyuzi 95, hivyo usiihukumu thamostati nzima kwa sababu haikufunguka yote.

Kuna pikapu ya tatu: ile inayochemsha popote, kwa mwendo wowote, na kupunguza maji bila kuvuja nje. Washa injini ikiwa baridi. Kama mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika chache kabla maji hayajapata joto, au mapovu yanatoka mfululizo kwenye mdomo wa rejeta, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe ina ufa. Kipo kipimo cha kimiminika cha buluu kinachogeuka kijani au njano kikikutana na gesi hiyo. Mtake fundi akitumie kabla ya kufungua hedi. Injini za Toyota za aina ya 2L, 3L na 1HZ huanzia mwako kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya hedi, hivyo hedi hubeba joto kubwa. Kuiongezea 1HZ tabo, au kufungulia mafuta kwenye pampu ya dizeli mpaka moshi uwe mweusi, ni kuiongezea hedi hiyo mzigo.

Usiiamini geji kupita kiasi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 mshale ulitengenezwa utulie katikati ingawa joto linapanda, na ukianza kusogea injini tayari iko pabaya. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka. Dereva hudhani imepoa.

Ikichemsha njiani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na usimame mahali salama. Kama maji bado yapo na feni inavuta, acha injini iungurume bila mzigo dakika chache. Kama maji yamekwisha, izime mara moja. Usiguse kofia mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuungua, na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Hedi hupasuka kwa tendo hilo.

Wakati wa kujaza maji upya, egesha pua ya gari juu kidogo, fungua hita, na uache injini iwake bila kofia mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Thamostati mpya ina kijitundu chenye pini ya kupitishia hewa. Hicho kikae juu. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, fungua kofia na uangalie. Maji yakiwa yameshuka na chini ya gari hakuna hata tone, rudi kwenye kile kimiminika cha buluu.