Maji Mazuri kwa Macho: Mvuvi na Ghuba ya Port Bell

(Sauti: kasia majini, ndege wa ziwani. Sauti inashuka.)

MTANGAZAJI: 

Wengi wenu mlilelewa kando ya maji. Wapo waliovua ndagala usiku kwa taa huko Baraka na Uvira. Wapo waliovusha abiria kwa mtumbwi katika Ziwa Albert. Ukienda Kampala kutafuta maisha na ukafika Port Bell, moyo unaweza kukuambia, "Hapa ni kama nyumbani." Leo tuyajue maji hayo kabla hujashika kasia.

Port Bell iko Luzira, kando ya Kampala, kwenye Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Jina lake limetokana na Hesketh Bell, Mwingereza aliyefika mwaka 1906 kuiongoza Uganda. Ni bandari ya meli za mizigo. Kando yake mitumbwi ya wavuvi hutia nanga ikiwa na sangara, ambao Waganda huwaita mputa, na sato, yaani ngege. Vilima ni vya kijani, na jioni maji hung'aa. Anayetazama kutoka ufukweni haoni tatizo.

Tatizo linaanzia mjini. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya Kampala ukibeba maji ya mvua, maji taka, mafuta ya gereji, chupa na mifuko ya plastiki. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Choo kikijaa na mvua ikinyesha, kilichomo hufuata mteremko. Yote hupita katika kinamasi cha Nakivubo, kisha humwagika ghubani karibu na Luzira.

Zamani kinamasi hicho kilijaa mafunjo. Mafunjo ni chujio: hushika matope, na mizizi yake hunywa sehemu ya uchafu. Lakini mengi yamefyekwa. Watu wamelima magimbi na miwa, wengine wamejenga. Chujio likitoboka, majani ya chai huingia kikombeni.

Sasa sikiliza kinachotokea ziwani. Maji taka ni mbolea. Shambani mbolea hulisha mahindi, ziwani hulisha mwani, ule utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika. Mwani ukifa huoza, na kuoza humaliza oksijeni, yaani hewa ambayo samaki huivuta ndani ya maji. Sangara huhitaji hewa nyingi, hivyo huumia mapema. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wakubwa walionekana wakielea wamekufa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na wataalamu walieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Kambare mamba, yeye hupanda juu kuvuta hewa kama sisi, ndiyo maana anaweza kuishi pale sangara anapokufa. Kwa hiyo mvuvi, usihesabu samaki tu. Tazama pia ni samaki gani waliobaki.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Maji haya yanamdhuru mtu kwa njia tatu. Tafadhali usizichanganye, maana kinga ya moja haifai kwa nyingine.

Ya kwanza ni vijidudu vya kinyesi, vinavyoleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Hivi hufa ukichemsha maji mpaka yatokote.

Ya pili ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hata kama hukunywa tone moja. Anayesukuma mtumbwi au kufua nguo pembeni yuko hatarini. Maji ya kuoga yakikaa siku mbili kamili katika chombo safi kisicho na konokono, vimelea hivyo hufa, ingawa maji hayo bado si ya kunywa. Ukiumwa tumbo mara kwa mara au ukiona damu chooni, nenda kliniki. Dawa ipo.

Ya tatu ni sumu ya mwani. Hapa wengi hukosea. Baadhi ya mwani hutoa sumu inayodhuru ini, na kuchemsha hakuiondoi. Mama, ukiona utando wa kijani, usichote hapo hata kama kuni zipo tele. Tafuta bomba au kisima.

Je, tuache kuvua? Hapana. Mwenye watoto hawezi kuambiwa hivyo. Lakini vua kwa akili. Beba maji yako ya kunywa katika jerikeni safi, usichote pembeni mwa mtumbwi. Usiokote samaki aliyekufa akielea, hata kama ni mkubwa na ni wa bure. Mtoe samaki matumbo na ini, uyatupe, kisha mwoshe kwa maji salama. Usijisaidie ziwani. Na kabla ya kutega wavu, uliza ofisi ya uvuvi kuhusu leseni na vipimo vya samaki wanaoruhusiwa, usije ukapoteza nyavu na mtumbwi.

Wala si shida ya mvuvi peke yake. Kusini kidogo, kwenye ghuba hiyo hiyo, kuna Ggaba, mahali ambapo Kampala imekuwa ikichota maji yake ya bomba kwa miaka mingi. Maji yalipozidi kuchafuka, gharama ya kuyasafisha ilipanda. Hiyo ni sababu mojawapo ya kujengwa kwa kiwanda kingine huko Katosi, wilayani Mukono. Mji umelazimika kwenda mbali kutafuta maji, kwa kuwa umeyachafua yaliyo mlangoni.

Ndugu msikilizaji, pale kambini huenda huna ziwa, lakini una bonde. Taka unazotupa juu leo, jirani wa chini atazikuta kwenye ndoo yake kesho. Na wewe pia una jirani wa juu.

MASWALI KWA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Maji ya mvua kutoka vyoo na soko la kambi yetu huenda wapi?
2. Je, kuna majani au matete bondeni ambayo tungeyaacha yaendelee kutuchujia maji?
3. Nani atawaeleza watoto kwamba kuchemsha hakuondoi sumu ya mwani?



(Muziki wa kufunga)