Gumba na Shahada: Gitaa Moja Linavyosikika Kama Mawili

Aliyezoea matatu za Wote au Mwingi hahitaji kuelezwa benga ya Kikamba ikoje. Besi inatembea chini, gitaa la rithimu linaijibu, na juu yake gitaa la solo linazungusha kipande kifupi, chepesi, tena na tena, wala hakichoshi. Les Kilimambogo Brothers wa marehemu Kakai Kilonzo waliusambaza mtindo huo nchi nzima miaka ya 1970 na 1980, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Lakini kazi hiyo ya wapigaji watatu, mtu mmoja anaweza kuifanya kwa gitaa kavu, bila umeme wala spika.

Wamarekani weusi waliifanya zamani katika muziki wa regitaimu. Scott Joplin alipochapisha “Maple Leaf Rag” mwaka 1899, ulikuwa muziki wa piano: mkono wa kushoto unashika mdundo bila kuyumba, wa kulia unaupiga chenga. Wapiga gitaa kama Blind Blake na Mississippi John Hurt waliihamishia kazi hiyo kwenye nyuzi sita. Kidole gumba kikawa mkono wa kushoto, vidole vingine vikawa wa kulia. Rekodi za Hurt za mwaka 1928 ni za upole mno. Gumba na vidole havikimbizani.

Huku kwetu, Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga “Masanga” kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Baadaye alifika Nairobi na muziki wake ukasikika redioni. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi naye aliujenga mtindo wa omutibo juu ya gitaa kavu, huku chupa ya soda ikigongwa kando kushika mdundo.

Upole wa gitaa kavu linalopigwa kwa vidole unaanzia kwenye ngozi ya kidole. Uzi ukichomolewa hutoa sauti kuu pamoja na sauti nyingine nyembamba zilizopanda juu yake. Nyama ya kidole ni pana na laini kuliko ukucha au kipande cha plastiki, kwa hiyo huzipunguza zile nyembamba, na sauti hutoka nene, bila makali. Ukichomoa karibu na daraja, zile nyembamba huzidi. Ukisogea kwenye tundu, hupungua. Hewa iliyo ndani ya tumbo la gitaa nayo hutetemeka kwa urahisi karibu na mara 100 kwa sekunde, na uzi wa tano, unaotetemeka mara 110, upo papo hapo. Ndiyo sababu besi ya gumba hujaa chumbani bila kikuza sauti.

Kisha sikio linagawa kazi. Uzi mnene kuliko wote hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na ule mwembamba kuliko wote mara 330. Mwanasaikolojia Albert Bregman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza kwamba ubongo hukusanya sauti zinazokaribiana kimo na kuzifuata kama mkondo mmoja, na zilizo mbali huziweka kwenye mkondo mwingine. Gumba likibaki chini na shahada ikibaki juu, msikilizaji husikia wapigaji wawili hata akijua fika kwamba yupo mmoja.

Utamu wenyewe uko kwenye mvutano wa mikondo hiyo. Gumba likishapiga mara chache, ubongo hujua pigo lijalo litaangukia wapi. Shahada huwahi kidogo au huchelewa, na kila mara matarajio yanatikiswa bila kuvunjwa. Mwaka 2014 Maria Witek na wenzake waliwasikilizisha watu midundo ya ngoma yenye chenga chache, za wastani na nyingi. Ile ya wastani ndiyo iliyowafurahisha zaidi na kuwatia hamu ya kucheza. Chenga zikiwa chache mno mtu anachoka. Zikizidi, hajui mguu auweke wapi.

Matarajio hayo hufunzwa mapema. Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wa miezi 6 wa Amerika Kaskazini hutambua kasoro katika midundo ya nyumbani na katika midundo migumu ya nchi za Balkani pia. Wakifika miezi 12, masikio yao yameshaelemea midundo ya kwao. Mtoto anayelelewa Mutomo au Kibwezi, Musyi FM ikiwaka tangu alfajiri na ngoma za kilumi zikisikika kwenye sherehe, naye hupata shule yake bila karo. Regitaimu ikimfikia ukubwani, wimbo utakuwa mgeni, lakini mpango wa besi tulivu na solo mtundu anao tayari.

Jaribu mwenyewe. Cheza “Masanga” mara ya kwanza ukilifuata gumba peke yake, mguu ukigonga chini. Mara ya pili uache mguu uendelee, ila sikio lifuate shahada. Wimbo ni uleule, na utausikia tofauti, kwa maana nusu ya mpangilio unaufanya wewe msikilizaji.